Raleigh ya babu: usiipige rangi

SWALI: Nimerithi baiskeli ya Raleigh ya babu yangu, aliyekuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, Dodoma. Breki ni za fito, habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma yenye giya tatu imegongwa Sturmey-Archer AW na namba 49 7. Rangi imechubuka na siti ya ngozi imekauka. Dalali anasema ni ya enzi za Mjerumani, habu ina zebaki, na nikiipiga rangi bei itapanda mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Dada, hizo namba ni mwaka na mwezi: Julai 1949. Mjerumani aliondoka Dodoma 1916 na habu ya AW ilianza kutoka kiwandani 1936, kwa hiyo dalali wako hesabu zimemshinda. Mradi wa karanga ulianza 1947 ukafa 1951, hivyo habari za babu na habu zinaoana. Ila habu inakupa umri wa gurudumu tu, na magurudumu yalikuwa yakibadilishwa. Angalia sproketi kubwa ya mbele: kwenye Raleigh chuma chake kimekatwa vichwa vya korongo. Hata nyuzi za skrubu kwenye vikombe vya ekseli ya pedeli ni ushahidi, Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zina 26 kwa inchi wakati nyingi nyingine zina 24.

Sasa hiyo rangi. Hili linanichosha kuliko yote. Kila mara naletewa baiskeli nyeusi inayong'aa kama sufuria ya dukani, mwenyewe anatabasamu, na mimi sina la kununua. Mistari ya dhahabu kwenye madigadi imezikwa, nembo ya mbele imepigwa msasa hadi korongo hana mdomo, rimu zimepuliziwa silva. Anayelipa vizuri analipia rangi ya kiwandani, hata ikiwa nusu yake imekwenda. Mkwaruzo ulioachwa na gunia la mtama ni sehemu ya mali. Rangi mpya ataipaka mwenyewe akitaka. Ya zamani hairudi.

Wewe futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Penye kutu tone la oili ya cherehani linatosha. Siti usiiloweke kwenye mafuta ya kupikia, ngozi italegea na kuning'inia. Iweke kivulini tu. Kotapini (pini zinazoshika mikono ya pedeli) zikigoma, asije mtu na nyundo. Na ukibadilisha chochote, kile kilichotoka kifunge kwenye mfuko uuze pamoja. Piga picha nembo, habu, namba ya fremu, sproketi na chini ya siti.

Zebaki? Ndani ya habu hiyo kuna gololi, grisi na giya ndogo nne zinazozunguka giya ya katikati. Nimezifungua nyingi. Ni wimbo uleule wa wanaotafuta rupia za Mjerumani: kwanza wanakusifia mali, kisha anatokea "mnunuzi kutoka nje", halafu unaombwa hela ya kipimo, ya kibali, ya nauli ya mtaalamu. Mnunuzi wa kweli hakuombi hata shilingi. Wala msitarajie utajiri, baiskeli za aina hii zilitengenezwa kwa mamilioni. Akija mtu, mwonyeshe mchana, andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na baiskeli isitoke uani kwako kwenda "kupimwa" kabla hela haijaingia kwenye simu yako.