Maswali ya Mama: Mkojo Unaovuja, Nepi Zinazonuka na Titi Gumu Kama Jiwe

Safari hii tumechagua barua nne kuhusu mambo ambayo kwenye kicheni pati hayagusiwi. Majibu ni ya wakunga na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto.

Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi 5. Nikikohoa, nikicheka au nikijitwika ndoo, mkojo unatoka. Mama mkwe anasema ndiyo uzazi, nizoee. Kweli hakuna dawa? – Mama watatu, Morogoro

Mama watatu, mkweo hajakosea kwamba wanawake wengi yanawapata. Hilo la kuzoea ndilo tunalikataa. Mimba na kusukuma mtoto hulegeza misuli inayobeba kibofu, njia ya uzazi na utumbo. Ukikohoa, tumbo linakandamiza kibofu, na misuli iliyolegea inashindwa kuziba njia.

Dawa yake ni mazoezi. Jibane kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, ukivuta kwenda juu, kwa ndani. Tumbo, makalio na mapaja yasikaze, na pumzi usiizuie. Ukitaka uhakika, nawa mikono, ingiza kidole ukeni, kisha bana: kidole kikishikwa, umeipata. Shikilia sekunde 5, achia sekunde 5, mara 10. Wiki zikienda, panda mpaka sekunde 10. Malizia kwa kubana haraka haraka mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 bila kuruka. Wengi huacha wiki ya tatu, kabla misuli haijapata nguvu. Funganisha zoezi na kunyonyesha: mtoto akishika titi, nawe unaanza.

Yanayoharibu kazi ni haya: kusukuma chini kama unayejifungua badala ya kuvuta juu, na kujizoeza kwa kukatisha mkojo chooni, jambo linaloacha kibofu hakijaisha. Usipunguze maji ya kunywa pia, kwa sababu mkojo mzito huchokoza kibofu ukabanwa zaidi. Kabla ya kukohoa au kuinua ndoo, bana kwanza. Na hiyo ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 na ushee, kwa sasa igawe mara mbili.

Lakini tofautisha. Kama mkojo unachuruzika mchana na usiku, umelala au umesimama, bila kikohozi wala kicheko, hasa baada ya uchungu wa siku nzima au zaidi, hiyo inaweza kuwa fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Ukiwahi katika wiki za mwanzo, tundu dogo linaweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Ukichelewa, ni upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Hakuna sababu ya mtu kujifungia ndani miaka kwa kuogopa harufu.

Nina nepi za kitambaa 12. Nafua kila siku, bado zinanuka mkojo mkali na mtoto ana upele. Tatizo ni sabuni? – Mama wa kwanza, Tanga

Tatizo kubwa ni suuza. Mtoto mchanga huweza kumaliza nepi 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo ukiwa na 12 unafua mbio mbio na povu linabaki kwenye uzi. Povu hilo linamchoma mtoto, na mkojo ulioganda humo ndio unaonuka. Ukiweza fikisha 24.

Kung'utia kinyesi chooni, kisha suuza kwa maji baridi kwanza, kwani maji ya moto hukaanga doa likang'ang'ania. Loweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwaga maji yale, fua kwa sabuni na maji ya moto, kisha suuza mara 3 au mpaka maji yatoke bila povu. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo: hupaka uzi mafuta, nepi ikakataa kunywa mkojo. Jiki nayo usiimimine kamwe kwenye nepi ambazo bado zina mkojo, maana vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na mapafu.

Anika juani, kwenye kamba, si kwenye majani wala kivulini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokeza kama jipu lenye kijitundu katikati. Ndiyo maana ya kupiga pasi pande zote mbili, hasa mishono, ambako unyevu hujificha. Ukishaliona jipu la namna hiyo usilikamue. Lipake vaselini nzito kuziba kitundu. Funza akikosa hewa atachungulia, hapo muuguzi amtoe mzima.

Kwa upele: badilisha nepi mapema, osha kwa maji matupu, kausha kwa kupapasa, paka vaselini. Poda weka kando, mtoto huivuta puani. Ikiwa wekundu umeingia hadi kwenye mikunjo, una vidoa pembeni na siku 3 hazijautuliza, huenda ni fangasi. Unahitaji krimu yake.

Mtoto ana wiki 3. Titi la kushoto ni gumu, jekundu, na nina homa. Nimeambiwa nisinyonyeshe upande huo, maziwa yameharibika. – Mzazi mpya, Kilwa

Hayajaharibika, dada. Ukiacha ghafla ndipo yanapozidi kujaa. Endelea kunyonyesha, mtoto akikataa, kamua kwa mkono kiasi cha kulegeza tu. Anayetumia ARV amwone muuguzi kwanza.

Tazama ushikaji: mdomo wazi sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi. Akishika chuchu tupu, inachanika na maziwa hayatoki yote. Katikati ya minyonyo, weka kanga iliyochovywa maji baridi kwa dakika 10. Parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, haimdhuru mtoto. Kulisugua kwa nguvu au kulichana kwa kitana huzidisha uvimbe.

Saa 24 zikipita bila nafuu, au homa ikifika 38.5, nenda ukapewe antibiotiki na uzimalize. Sehemu ikianza kubonyea kama ina maji ndani, ni jipu, na jipu hutolewa usaha hospitali.

Wangu ana miaka 6, bado kikojozi. Nimchape? – Baba na mama, Dodoma

Hapana, amelala, hajui. Anywe zaidi mchana, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala. Choo kigumu mkitibu, maana utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Godoro mlivishe nailoni chini ya shuka. Ila kama alishakauka miezi 6 na sasa ameanza upya, na ana kiu isiyoisha na anakonda, msisubiri: kapimeni sukari siku hiyo hiyo.