Maswali ya Wasomaji: Watoto Wadogo na Vitabu vya Kuazima

Shule yetu ina vitabu vya hadithi kama 200, vyote kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye anahofia vitapotea. Amekubali nijaribu kuwaazimisha watoto wangu 75 wa darasa la kwanza. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Hongera, Mwalimu, kwa kupata ruhusa. Vitabu vichache vitapotea kweli na vingi vitachakaa, na mkuu aambiwe hivyo mapema. Lakini kitabu kinachokaa kizima kabatini hakijamsomesha mtoto yeyote.

Wiki mbili za kwanza kitabu kisitoke darasani. Wafundishe kukishika: mikono mikavu, na ukurasa unafunuliwa kwa pembe ya juu. Mtoto akilamba kidole na kuvuta karibu na pini, hapo ndipo karatasi inapochanika. Mahali alipofikia aweke kipande cha karatasi, asikunje ukurasa. Onyesha wewe kwanza, kisha mtoto mmoja awaonyeshe wenzake.

Wakati huo andaa vitabu. Kila kimoja kipe namba na uiandike kwa wino ndani ya jalada. Usikivalishe karatasi ya kaki, kwa sababu mtoto wa miaka 6 huchagua kwa picha ya jalada. Nailoni angavu inatosha. Namba za kimaktaba kama 896.392, inayotumika kwa fasihi ya Kiswahili, hazimsaidii mtoto wa umri huu. Bandika utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu: nyekundu kwa picha na maneno machache, njano kwa sentensi moja au mbili kila ukurasa, kijani kwa aya nzima.

Kisha kata kadi za manila, sentimita 7 kwa 12, moja kwa kila kitabu, yenye namba na jina lake. Kadi inakaa kwenye kimfuko cha karatasi kilichogundishwa ndani ya jalada la nyuma. Ukutani tundika kitambaa chenye vifuko 75, kila kimoja na jina la mtoto. Anayeazima anachomoa kadi ya kitabu na kuitia kwenye kifuko chake. Anayerudisha anaitoa na kuirejesha kitabuni. Ukitupa jicho ukutani unajua nani ana kitabu nyumbani, na mtoto ambaye bado hajui kuandika anajihudumia mwenyewe. Daftari bado unalihitaji, maana kadi hudondoka: kila jioni nakili tarehe, jina la mtoto na namba ya kitabu.

Usiwaazimishe wote 75 siku moja. Wagawe makundi manne ya watoto 18 au 19, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa iwe ya kutengeneza vitabu na kufuatilia vilivyochelewa. Tandaza vitabu kama 30 mkekani, majalada yakitazama juu, ili hata wa mwisho awe na cha kuchagua. Mara ya kwanza kitabu kilale nyumbani usiku mmoja tu. Wakizoea kukirudisha kesho yake, waongezee hadi wiki.

Mwanangu wa darasa la pili analeta vitabu vinavyomshinda. Jioni anakaa na bibi yake, ambaye hajui kusoma. Tumzuie?
*Mama, Tanga*

Msimzuie, Mama. Mfundisheni kujipima kabla ya kuchagua: asome ukurasa mmoja na kuinua kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni cha kusomewa. Kwa vitabu vya maneno machache, vidole vitatu vinatosha kumwambia hivyo. Akikitaka bado, achukue, ila aongeze na chepesi kama shule inaruhusu viwili.

Bibi ni msaada mkubwa hapo. Mtoto asome au aeleze picha, bibi aulize: "Halafu ikawaje? Kwa nini alikimbia?" Mtoto akirudi kwenye ukurasa kutafuta jibu, anasoma mara ya pili bila kulazimishwa. Na akiazima kitabu kilekile wiki tatu mfululizo, mwacheni. Kurudia ndiko kunakompa mtoto wasaa wa kusoma bila kudonoa silabi.

Mdogo wa mwanangu amechana kitabu cha shule na kukimwagia chai. Nimekianika juani na sasa kimekunjamana. Nikibandike selotepu?
*Mzazi, Kisumu*

Hapana, tafadhali. Selotepu hugeuka njano, gundi yake ikaingia kwenye karatasi na kuacha doa lisilotoka. Kirudishe kilivyo pamoja na vipande vyote, hata vidogo, na umweleze mwalimu.

Siku nyingine kikilowa, kianike kivulini penye hewa, si juani wala karibu na jiko. Weka karatasi kavu isiyo na maandishi kila baada ya kurasa kumi hivi na uibadilishe inapolowa. Kurasa zinazong'aa ziachanishe zikiwa bado na unyevu. Zikikauka zimegandana, haziachani tena. Kikikaribia kukauka, kikandamize chini ya kitu kizito usiku kucha.

Walimu wanaotengeneza wenyewe: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko sita vya maji, koroga motoni hadi uji uwe mzito, uache upoe. Paka nyembamba sana juu ya mchaniko, kisha bandika ukanda wa karatasi laini. Ukipaka nene, mende watakila kitabu.

Vitabu havirudi. Tumeweka faini ya kuchelewa, na sasa watoto wengine wameacha kabisa kuazima.
*Mwalimu, Kigoma*

Ifuteni faini. Mtoto wa miaka 7 hana hela. Faini inamfikia mzazi, na mzazi anayebana matumizi atamwambia asilete tena kitabu nyumbani.

Mara nyingi kitabu hakirudi kwa sababu siku ya kurudisha inabadilikabadilika au mtoto hakukumbushwa. Siku iwe ileile kila wiki, na jana yake mchana waambieni wakiweke kwenye mkoba wakifika tu nyumbani. Anayerudisha achukue kingine papo hapo. Aliyesahau asikemewe mstarini: achague, asome palepale, na kitabu chake kiwekwe pembeni kikimsubiri. Baada ya wiki mbili mpeni ujumbe kaka au dada yake wa madarasa ya juu. Wengi hukuta kitabu chini ya godoro. Kilichopotea kabisa, zungumzeni na mzazi bila kumfungia mtoto: akiweza alete kingine chochote cha watoto, asipoweza kifutwe daftarini.

Na msiazimishe hadi siku ya kufunga shule. Simamisheni wiki mbili kabla, mhesabu vitabu kwa kadi, ili mpate siku kumi za kufuatilia watoto wakiwa bado shuleni.