Ujerumani: kabla ya benki, abandike jina kwenye sanduku la barua

Ndugu uliyeuliza mdogo wako anayekwenda kusoma Ujerumani mwezi wa kumi atajimudu vipi na mambo ya benki, posta na sokoni, nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe katika miaka miwili niliyokaa Leipzig.

Kwanza kabisa ni jina. Sisi tuliokulia kwenye S.L.P. ya shule au ya ofisi ya mjomba tumezoea barua itusubiri posta hadi tuifuate, lakini kule huletwa hadi mlangoni, na anwani huishia kwenye jina la mtaa na namba ya jengo, bila namba ya chumba. Mpeleka barua akifika kwenye jengo lenye wapangaji kumi na sita husoma majina yaliyobandikwa kwenye masanduku, na asipoliona lako hurudisha barua ilikotoka. Kadi yangu ya benki ilirudishwa hivyo, na namba ya siri, ambayo hutumwa katika bahasha yake peke yake, nayo ikarudi, nikaishi karibu mwezi mzima kwa fedha taslimu nilizotoka nazo nyumbani. Dawa yake ilikuwa kipande cha karatasi, kalamu na selotepu.

Ndani ya wiki mbili tangu ahamie, sheria inamtaka aandikishe makazi yake katika ofisi ya mji, shughuli ambayo wenyewe huiita Anmeldung. Aende na pasipoti pamoja na fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba amehamia kweli. Mkataba wa pango hautoshi. Mimi nilikwenda nao nikijiona nimejitayarisha, nikaambiwa kwa upole nirudi siku nyingine. Baada ya hapo barua zitaanza kuingia, ikiwamo ya namba ya kodi na ile ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inayodaiwa hata kwa asiye na televisheni. Ada hiyo hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo akipanga na wenzake wakubaliane nani alipe na wengine wamchangie.

Kuhusu sokoni, Jumapili maduka karibu yote hufungwa, isipokuwa machache kama vile ya vituo vya mafuta na baadhi ya yaliyo ndani ya stesheni kubwa za treni. Mimi nilifika Jumamosi usiku, nikashinda kesho yake kwa biskuti za kwenye ndege. Awe na mfuko wake na sarafu ya euro moja ya kufungulia toroli, na asikasirike mtu wa kaunta akimsukumia bidhaa haraka kuliko anavyoweza kuzipanga. Ndivyo walivyo, hakuna dharau.

Chupa tupu za plastiki na makopo asizitupe, kwani nyingi alizilipia amana ya senti 25 kila moja. Mashine iliyomo dukani huzimeza na kutoa risiti ya kupeleka kaunta ili arudishiwe fedha yake. Nilizitupa kwa miezi miwili, hadi mzee wa ghorofa ya chini aliponisimamisha kwenye pipa la taka, akatoa chupa yangu moja, akanionyesha kwa kidole alama ya amana iliyo juu yake, kisha akanirudishia mkononi bila kusema neno.