Kifua kikuu hakitibiwi kwa fulana

Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ikishapita tu maswali hunijia kwa fungu. Safari hii nimetanguliza ya vikundi vya jamii. Ya vyombo vya kulia nilikwisha kuyajibu, ila kuna aliyeuliza tena, basi na yeye apate lake.

Dada, shikamoo. Mume wangu ameanza dawa za TB juzi, sasa anakojoa mkojo wa rangi ya machungwa. Aache? (Mama wa Tandika)

Marahaba. Asiache, ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, na aliyempa dawa alitakiwa kumwambia siku ileile. Macho yakigeuka manjano, au akitapika na chakula kikamshinda, hapo mrudisheni kituoni haraka, maana ini linalalamika.

Tuko kumi na wawili hapa Mbagala, wote tuliugua TB tukapona. Tunataka kuanzisha kikundi cha kuelimisha jamii. Tutapata wapi mfadhili na fulana?

Hongereni kwa kumaliza dozi. Ila mmeanzia mkiani.

Mko Temeke, wilaya ambako wagonjwa waliopona kama ninyi waliunda MUKIKUTE, yaani Mapambano ya Kifua Kikuu na UKIMWI Temeke. Nendeni mkawaone wanavyofanya kabla hamjachapa hata bango moja. Kazi yenyewe ni kupiga hodi. Nani humu ndani anakohoa wiki mbili sasa? Nani anaamka shuka limelowa jasho? Nani suruali inamvuka? Mkishampata, mnampa kikopo, mnamfundisha kutoa kohozi la kifuani na si mate, mnalifikisha zahanati, mnafuatilia majibu. Halafu inakuja kazi isiyopigwa picha: kumtafuta yule ambaye hakutokea kliniki wiki iliyopita, amehamia kwa dada yake Kigamboni na simu haipatikani.

Nilipata kukaa kiti kimoja kwenye daladala na mama wa kujitolea aliyepakata kisanduku cha baridi. Ndani mlikuwa na vikopo vya makohozi, kila kimoja jina limeandikwa ubavuni. Nilimuuliza kwa nini asiandike kwenye kifuniko. Akaniambia vifuniko vikifunguliwa maabara vikachanganyika, mzima anaweza kupewa majibu ya mgonjwa. Mtu makini namna hiyo, na nauli katoa kwenye pesa zake za maandazi.

Hapo ndipo ninapogombana na wakubwa kila mwaka. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Tanzania ndiko Dkt. Karel Styblo alikoujenga utaratibu wa dozi fupi inayosimamiwa, ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza duniani katika miaka ya 1990. Tunajivunia, sawa. Kuanzia 2006 mgonjwa akaruhusiwa kuchagua: anywe dawa kituoni, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe. Uamuzi mzuri sana. Lakini kazi ya muuguzi ilipohamia kwa mke, kwa jirani na kwa vikundi, bajeti haikuhama nayo. Vikundi vikabaki vikitegemea miradi ya nje, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya ngazi ya jamii ilitikisika. Mgonjwa wa mwezi wa nne hajui mambo ya Washington. Anachojua ni kwamba yule dada aliyekuwa akipita haji tena.

Kwa hiyo, anzeni na zahanati iliyo karibu na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Ombeni mtaa mmoja tu. Muwe na daftari: nani amepelekwa, nani amekutwa nayo, nani ameanza dawa, nani amemaliza. Halmashauri ikiwaita semina, daini nauli ya kufuatilia wagonjwa kabla ya posho ya kukaa ukumbini. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ipo, lakini ule ni mkopo na utarudishwa. Ukopeeni mradi wa kuingiza pesa, msije mkaununulia fulana. Na msikae na mtu anayekohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Kupona mara moja si chanjo.

Je, ni lazima mgonjwa wa TB atengewe sahani, kikombe na kijiko?

Hapana. Ni mara ya ngapi hii? TB ya mapafu inaambukizwa kwa hewa. Kuna nyumba zinamtengea baba kikombe chake, kisha usiku watu sita wanalala naye chumba kimoja, dirisha limezibwa na kabati. Sogezeni kabati, fungueni dirisha, naye azibe mdomo akikohoa. Akishakunywa dawa inavyotakiwa kwa wiki chache, uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana. Kikombe kirudisheni kwenye beseni pamoja na vingine.

Ni kweli panya wanapima TB au ni stori za mtandaoni?

Ni kweli. Wako Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, chini ya shirika la APOPO. Ni panyabuku waliofunzwa kunusa, na mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Makohozi huuawa vijidudu kwa joto kwanza, ndipo panya apitishwe juu yake. Akitambua harufu anasimama na kukwaruza, anapewa chakula. Wanapitia sampuli ambazo vituo vimekwisha kupima, mara nyingi zile ambazo hadubini haikuona kitu. Panya hatoi cheti. Alichokishuku kinathibitishwa na watu maabara, kisha wanaitwa wa kujitolea wa MKUTA, kikundi kingine cha waliopona TB, wakamtafute mgonjwa mtaani. Waandishi wa nje humpiga picha panya. Anayezunguka juani akiuliza "kwa mama fulani ni wapi?" hapigwi.

Mimi ni mhudumu wa kujitolea. Mgonjwa wangu mmoja amekataa nisifike kwake. Nimripoti kwa mwenyekiti wa mtaa?

Ukimripoti umempoteza. Kwanza niambie, unakwenda umevaa nini? Kama ni ile fulana imeandikwa TB mgongoni herufi kubwa, umeshamtangaza mtaa mzima, na mwenye nyumba wake atajua kabla ya chai ya jioni. Vaa nguo zako za kawaida. Mpigie kwanza, mkutane anapotaka yeye, hata gengeni. Akikataa kabisa, mweleze muuguzi wa kliniki, abadilishiwe msimamizi. Jina la mgonjwa halitajwi kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, wala kwa shehe au mchungaji bila ruhusa yake. Vikundi vingapi vimevunjika kwa midomo!

Nina duka la dawa muhimu. Wateja wa kikohozi ni wengi, nami nawasaidia kwa dawa za kikohozi na antibayotiki. Nakosea?

Anayekohoa wiki mbili usimuuzie chupa ya tatu, mwandikie rufaa aende akapimwe. Na komesha kutoa sipro (antibayotiki ya ciprofloxacin) hovyo. Kundi hilo la dawa linamtuliza mwenye TB kwa muda, vipimo vinachelewa, huku anaambukiza nyumba nzima. Hili nawaambia na waganga wa jadi, ambao baadhi yao wanapeleka wagonjwa kituoni kuliko ninyi wenye leseni.

Babu amegundulika na TB. Tuna mtoto wa miaka mitatu, hakohoi, anacheza vizuri. Kuna haja ya kumpeleka?

Leo. Kesho ni mbali. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiambukizwa anaumwa upesi, na inaweza kumpanda hadi kwenye ubongo. Akionekana hana ugonjwa apewe dawa za kinga. Msiambiwe "hawezi kutoa kohozi" mkarudishwa. Siku hizi hata choo cha mtoto kinapimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayosaka vinasaba vya vijidudu vya TB. Na huyo mhudumu wa kikundi aliyemwandikisha babu, hakuuliza watoto wako wapi?

Nimekunywa dawa miezi miwili, nimenenepa. Naweza kuacha?

Huwezi. Miezi sita. Ukitaka kujua TB sugu inafananaje, waulize waliolazwa Kibong'oto, hospitali ya magonjwa ambukizi kule Kilimanjaro.

Sisi ni wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani. Kikundi kilikuja kutupima, wenzetu watatu wakaambiwa hawana TB, lakini bado wanakohoa na kukosa pumzi. Kikundi ni cha matapeli?

Si matapeli. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu lenyewe bila TB, na mapafu yaliyoharibika hivyo ni rahisi mno kushikwa na TB baadaye. Wenzenu wapigwe picha ya kifua na daktari asikie neno "mgodini". Kibong'oto wanaijua kazi hiyo. Warudie kupimwa makohozi kila kikohozi kikibadilika. Na mwambieni mwenye kitalu atoboe mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke, maana kikundi cha kujitolea hakina uwezo wa kumlazimisha, ila Tume ya Madini inao.