Nagombea udiwani: je, niahidi kuuzuia mradi wa ghorofa?

Swali: Ninajiandaa kugombea udiwani. Katika kata yetu kuna ombi la kubadilisha matumizi ya uwanja wa nyasi wa hekta 2 ili pajengwe maduka na nyumba za ghorofa. Wakazi wanahofia mafuriko na wananitaka niahidi kwamba nikichaguliwa nitauzuia mradi. Niahidi? Na nitajuaje kama hofu yao ina msingi?

Jibu: Ndugu msomaji, usiahidi kuuzuia. Katika baadhi ya nchi, diwani anayepiga kura juu ya ombi la kiwanja fulani huhesabiwa kama mwamuzi wa shauri, na hupaswa kuzisikiliza pande zote kabla ya kukata kauli. Ukishatangaza jukwaani kwamba kura yako ni "hapana", mwombaji anaweza kukupinga usishiriki kikao, au akaenda mahakamani na uamuzi wote ukatenguliwa. Hapo kata itakosa kura yako siku inapoihitaji. Kusema una wasiwasi kwa kawaida hakuna tatizo. Sema hivi: "Nitataka hesabu ya maji ya mvua iwekwe wazi kabla ya kura kupigwa." Kisha soma kanuni za maadili za halmashauri yako, maana mipaka hutofautiana.

Jambo la haraka zaidi ni tarehe ya mwisho ya pingamizi, ambayo haingoji uchaguzi. Barua ziandikwe na wakazi wenyewe, hasa wanaopakana na kiwanja. Wewe wasaidie kupata ramani na nyaraka za ombi. Barua zijikite kwenye maji, msongamano wa magari, maji taka, mwanga na kupotea kwa eneo la wazi. Malalamiko kuhusu tabia ya mwenye mradi au kushuka kwa thamani ya nyumba za jirani mara nyingi huwekwa kando, hata yakiwa na sahihi mia.

Sasa hofu ya mafuriko. Hii inapimika, na huhitaji kuwa mhandisi. Chukua sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, zidisha kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa), zidisha kwa eneo (hekta), kisha gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde; zidisha kwa 1,000 upate lita.

Uwanja wa nyasi wenye mteremko mdogo hutiririsha takriban 0.25 ya mvua. Mapaa na lami takriban 0.85. Kwa mvua ya milimita 90 kwa saa juu ya hekta 2, leo zinatoka lita 125 kwa sekunde. Eneo lote likifunikwa zitatoka lita 425. Bomba la zege la kipenyo cha milimita 450, lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 100, hubeba takriban lita 285 kwa sekunde likiwa safi. Kwa hiyo bomba linalotosha leo litazidiwa kabisa baada ya ujenzi, na likijaa mchanga hata nusu tu, litazidiwa mapema zaidi.

Ongezeko ni lita 300 kwa sekunde. Mvua hiyo ikidumu dakika 30, ni mita za ujazo 540 za kuhifadhi na kuachia polepole. Haya ni makadirio ya awali, lakini yanatosha kukuonyesha kama bwawa lililochorwa kwenye ramani ya mradi la mita za ujazo 100 ni pambo tu.

Ukipata ripoti ya mwombaji, angalia kwanza wametumia mvua ya aina gani. Mvua inayotarajiwa mara moja kila miaka 2 hutoa namba ndogo sana kuliko ile ya kila miaka 10, na hapo ndipo ripoti nyingi dhaifu hujificha. Angalia pia kama mashimo ya kunyonyea maji yamepimwa kwenye udongo wa hapohapo; kwenye mfinyanzi hujaa na kubaki yamejaa. Na wakisema watapanua mtaro mbele ya kiwanja, fuata maji hadi kalavati (njia ya maji chini ya barabara) linalofuata. Likiwa dogo, mafuriko yamehamishiwa kwa jirani wa chini.

Ukichaguliwa, hutakuwa na mamlaka ya kumwamuru afisa mipango miji aandike maoni unayotaka, wala usijaribu. Nguvu yako iko kwenye mpango wa jumla wa matumizi ya ardhi, bajeti ya mitaro, na masharti ya kibali. Masharti ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Dai yaandikwe kwa namba: kiwango cha juu cha maji yanayoruhusiwa kutoka kiwanjani kwa sekunde, hifadhi ya maji ikamilike na kukaguliwa kabla ya jengo la kwanza kuezekwa, na jina la atakayeisafisha kabla ya kila msimu wa mvua, pamoja na fedha zitakakotoka.