hh si HH, wadogo zangu

Juzi nimepitia msimbo wa wenzetu wapya, nikakuta tena, kwenye umbizo la kuchapa saa, `hh:mm` (saa ya mfumo wa 12) bila `a` (alama ya AM/PM) mwishoni. Sigombi. Basi, nagomba kidogo.

1. `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. Risiti ikitoka na mwezi wa 47, usiulize hifadhidata ina nini.

2. Andika `yyyy`. Ile `YYYY` ya Java ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki nzima inahesabiwa kuwa yake: inakwenda vizuri miezi na miezi, kisha 30 Desemba 2024 inachapwa 30 Desemba 2025, na wewe uko kijijini kwenye sikukuu, mtandao wa kubahatisha.

3. Hii `hh` sasa. Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki moja miadi yao kwa SMS. "Miadi yako ni kesho saa", kisha `hh:mm`. Nikajaribu kwa miadi ya saa nne asubuhi, ikatoka 10:00, nikaridhika. Kumbe kliniki ya macho ilikuwa 14:00. Ujumbe ukaenda: "kesho saa 02:00". Bibi anayepokea hilo si mjinga. Saa nane usiku kliniki imefungwa, anajua. Basi ni saa mbili asubuhi. Akapanda daladala alfajiri, yeye na wenzake, wakakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Hakuna aliyelalamika! Wazee wetu wamezoea foleni, wakadhani ndio utaratibu. Logi safi, programu haikuanguka, bosi ananisifu. Nilikuja kujua siku niliyokwenda kurekebisha printa, mzee mmoja akaninyooshea simu yake: "Mwanangu, hii saa mbili yenu huwa inaanza saa ngapi?"

Nikabadilisha kuwa `HH` (saa ya mfumo wa 24), nikadhani nimemaliza. Haikupita muda, miadi ya 08:00 ikaleta watu saa nane mchana, daktari kashaondoka. Ndipo nikaacha ubishi: ujumbe wa kusomwa na watu sasa unatoka "saa 2 asubuhi" au "saa 8 mchana". Chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawa kwa 12, shika baki. Baki likiwa 0 andika 12. Mistari mitatu. Hiyo 14:00 waachieni mashine.

4. "Ijumaa usiku" kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Weka tarehe, usibishane na wateja.

5. Hifadhi kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia, iko nyuma yetu kwa saa 3), onyesha kwa kanda ya saa ya `Africa/Nairobi` au `Africa/Dar_es_Salaam`. Ukikata ripoti ya siku kwa UTC, mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa yanaangukia jana, na mhasibu atakutafuta. Na kwenye JavaScript, `new Date("2025-03-05")` inasomwa kama UTC; ndiyo maana kila tukio kwenye kalenda yenu linaanza 03:00. Si jini.

6. Tarehe kama 01/02/2025 msiipokee kwa faili la mtu yeyote. Mmarekani anasoma Januari 2. Dai 2025-02-01: mwaka, mwezi, siku.

Na wewe uliyejumlisha saa 3 kwa mkono kwenye ripoti ya mauzo, seva ile tayari iko `Africa/Nairobi`. Njoo na chai yako tuziondoe hizo saa 3 leo, kabla mhasibu hajafungua faili.