Siku ya nne ni mapema mno

Mdau wa Uyole, umeuliza kwa nini kipimo cha sindano (EMG, kinachosoma umeme wa msuli) hakikuonyesha mitetemo, yaani nyuzi za msuli kujifyatulia zenyewe, siku ya nne, ilhali neva ya mkono imekatika. Msuli bado haujabadilika vya kutosha. Neva ikikatika, volteji ya utando wa nyuzi za msuli hupungua ukubwa (kwa panya, toka takriban milivolti -80 hadi karibu -60), upitishaji wa kloraidi hupungua, na vipokezi vya asetilikolini (kemikali ambayo neva huamrishia msuli) husambaa uzi mzima. Baadaye ndipo nyuzi hujifyatulia zenyewe, na mitetemo huonekana. Rudieni wiki ya tatu.

Mgonjwa akienda upasuaji baada ya siku mbili tatu tangu neva ikatike, mtu wa usingizi aepuke suksametonio (dawa ya kulegeza misuli): vipokezi hivyo vipya huachia potasiamu nyingi kwenye damu, na moyo unaweza kusimama.